PRESHA YA UZAZI HAIISHI NA AROBAINI



Hebu nikuulize jambo moja. Siku ile mkeo alipotoka arobaini, udi ukafukizwa, jamaa wakaja, na mtoto akapakatwa na kila mtu, ni nani katika nyumba yako aliyeuliza kama presha ya yule mama imeshuka au haikushuka?

Mtoto ana kadi yake. Hupelekwa chanjo, hupimwa uzito, na akikohoa usiku nyumba nzima huamka. Mamaye alikuwa akipimwa maadamu yumo tumboni. Siku aliyozaa ndiyo ikawa mwisho wa kupimwa. Mfano wetu ni wa watu walioteremsha shehena wakafurahi, wala hapana aangaliaye kama jahazi lenyewe lavuja.

Maradhi ninayoyasema ni presha ya uja uzito. Huja baada ya wiki 20 za mimba, damu ikapanda kufikia 140/90 au zaidi, na mara nyingi mkojo ukaonekana una protini. Dalili zake ni kichwa kuuma sana, macho kuona vimulimuli au kiwi, maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia, na uso na mikono kuvimba. Na huenda mtu asione dalili yoyote, ndiyo maana hapana budi apimwe. Ikizidi huleta kifafa cha mimba, nacho huua. Tena chaweza kuja hata baada ya kuzaa, katika zile siku tunazomfungia mzazi ndani tukadhani salama imekwisha kupatikana.

Nami sijitoi katika lawama hii. Nilipokuwa kijana, mwalimu mpya wa chuo, niliitwa usiku kwa mama mwenye siku tatu tangu azae. Alikuwa akipapatika, macho yamegeuka. Watu wakasema ni pepo. Nikasoma, nikaamrisha kombe, na usiku mzima ukapita hivyo. Alfajiri mkunga mmoja mzee akaniambia, "Maalim, kisomo ni chema, lakini huyu ni wa hospitali." Akapelekwa, akapona. Tukashukuru, kisha tukasahau. Hakupimwa tena. Hakutimiza miaka 45 akaanguka jikoni kwa kiharusi, akalala upande mmoja umekufa mpaka alipofariki. Watu wakasema ni kudura. Kudura ni haki, lakini uzembe wetu nao tutaulizwa.

Usiseme, "Huyo ni mmoja tu." Mwaka 2007 ulitangazwa uchunguzi uliokusanya habari za wanawake zaidi ya milioni 3. Ulionyesha kuwa aliyepatwa na maradhi haya hatari yake ya kuwa na presha ya kudumu ni zaidi ya mara 3 kuliko mwenziwe, ya maradhi ya moyo ni kama mara 2, na ya kiharusi ni karibu mara 2. Mwaka 2011 jumuiya ya madaktari wa moyo ya Marekani ikaitia presha ya uja uzito katika mambo ambayo daktari humuuliza mwanamke anapoupima moyo wake. Basi presha ile haikuwa mgeni aliyekuja akaondoka. Ilikuwa ni onyo.

Wako waume, na baadhi yao wamesoma, ambao hujikinga kwa vitabu. Husema, "Sheikh, katika madhehebu yetu ya Shafi, dawa na ujira wa tabibu si katika nafaqa ya mke." Ni kweli, mas'ala hayo yamo. Imam Nawawi ameyataja katika Minhaj, nami nimeyasomesha miaka mingi. Lakini aliyeishia hapo amesoma nusu. Mafakihi wetu walilikisia jambo hili na nyumba ya kupanga: nyumba ikibomoka, kuitengeneza si juu ya mpangaji bali ni juu ya mwenyewe. Vyema. Na ikiwa imebomoka kwa ajili ya haja ya huyo mpangaji, je? Maradhi haya hayakumjia mkeo barabarani. Yamemjia kwa kumbeba mwanao, anayeitwa kwa jina lako!

Marehemu Sheikh Wahba Zuhayli wa Syria, mwanachuoni mkubwa wa fiqhi wa zama zetu, ameeleza kuwa haja ya matibabu leo imekuwa kama haja ya chakula, au zaidi. Na Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametuamrisha kukaa na wake zetu kwa wema. Ni wema gani huo wa kumnunulia kanga za sikukuu, ukashindwa na nauli ya kumpeleka akapimwe?

Basi fanya haya. Mimba ikiingia, apelekwe kliniki mapema, na kila aendapo apimwe presha na mkojo. Akiona dalili nilizozitaja, apelekwe saa ile ile. Asingojewe mume arudi safarini, wala kisomo kiishe. Kisomo someni njiani. Hospitali wana sindano za magnesiamu, ambazo uchunguzi wa mwaka 2002 ulionyesha hupunguza hatari ya kifafa hiki kwa zaidi ya nusu. Akishazaa, apimwe siku za mwanzo, na apimwe tena anapotoka arobaini, kwani arobaini zetu na wiki 6 za madaktari ni karibu mamoja. Akishika mimba nyingine aseme mapema, kwani daktari aweza kumpa aspirini kidogo ya kumkinga. Kisha kila mwaka apimwe presha na sukari, apunguze chumvi, ng'onda na achari, atembee, na tumbaku aiache. Na kila daktari aendaye kwake, hata baada ya miaka 20, amwambie: "Nilipokuwa mja mzito nilipata presha."

Nanyi mama wakwe, msiseme, "Sisi tulizaa kumi na hatukupimwa." Wahesabuni na wale wenzenu ambao hawako leo kusema neno hilo.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kujitibu, na ametufundisha kuwa pepo yatafutwa kwa kumtumikia mama. Basi mama wa watoto wako ni huyo aliye ndani. Mtumikie angali hai.

Wabillahi tawfiq.