Riwaya Zetu za Uhalifu Zimemsahau Mwenye Nyumba

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda mikoa ya kaskazini hufika Segera akiwa amekwisha choka kukaa. Hapo barabara hugawanyika: mkono mmoja huelekea Hale, Muheza na Tanga, na mwingine hushika njia ya Korogwe, Mombo na Moshi. Abiria hushuka kunyoosha miguu, hununua machungwa kama msimu ni wake, na yule apendaye kusoma hufungua tena kitabu alichokuwa amekikunja ukurasa tangu Chalinze. Mara nyingi kitabu hicho ni cha jasusi. Shujaa wake ana bastola kwapani, gari la mwendo mkali na pasi ya kusafiria isiyokwisha kurasa. Msomaji mwenyewe ni karani wa halmashauri, au mwalimu anayerudi kituoni kwake. Nyumbani hana bastola. Ana kufuli moja, komeo la mti, na panga chini ya kitanda. Huyo ndiye ninayetaka tumzungumze leo, ndugu msomaji, kwa sababu waandishi wetu wa riwaya za uhalifu bado hawajamtendea haki.

Nisieleweke kwamba naidharau fasihi hii. La hasha. Wako wasomi waliozoea kuiita takataka ya vibandani, na wako walimu wakuu waliokuwa wakiwanyang'anya wanafunzi vitabu hivi mabwenini na kuvifungia kabatini, kisha wakavisoma wao wenyewe usiku. Ukweli ni kwamba riwaya ya uhalifu ni miongoni mwa aina za awali kabisa za riwaya ya Kiswahili kama tunavyoijua sasa. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 kwa kitabu chake "Mzimu wa Watu wa Kale", kikachapishwa mwaka 1960, na tangu hapo Bwana Msa na kiko chake wakawa watu wa nyumbani kwetu. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa "Simu ya Kifo". Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika "Kufa na Kupona", na baadaye Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, akamleta Joram Kiango. Vijana wengi walijifunza kusoma kwa kasi kwa sababu ya watu hawa, si kwa sababu ya vitabu vya sarufi.

Lakini tazama ni wizi wa namna gani unaosimuliwa humo. Katika "Kufa na Kupona" kinachoibwa ni nyaraka za siri za harakati za ukombozi wa Afrika. Si jambo la kubuni ovyo; Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963 hadi ilipovunjwa mwaka 1994, na maadui zake walikuwa wa kweli, wenye mabomu ya kweli. Musiba aliandika hofu ya wakati wake, naye alifanya vizuri. Kwa Abdulla, kwa upande mwingine, uhalifu ni fumbo. Mtu amekwisha kufa kabla hatujafika mbali, na kazi iliyobaki ni ya akili: nani alikuwa wapi, nani amesema uongo. Ni mtindo alioupenda kutoka kwa Arthur Conan Doyle wa Uingereza, akauvika kanzu na kuupa lafudhi ya Kiunguja hata ukawa wake.

Basi tuna mwizi wa siri za taifa na tuna muuaji wa fumbo. Ni nadra sana kumkuta mwizi wa redio, wa baiskeli, wa magodoro, wa kuku. Na ni nadra zaidi kumkuta mtu aliyeamka saa nane usiku akasikia kucha za chuma zikikwaruza ukuta wake. Ilhali huo ndio uhalifu tuujuao sisi tulio wengi. Sidhani kwamba katika Tarafa nzima kuna mtumishi aliyewahi kufuatwa na jasusi wa kigeni. Walioibiwa usiku ni wengi mno.

Na mambo yalivyo, mahali kama Segera pangemfaa mwandishi wa aina hiyo kuliko Nairobi au Kinshasa. Njia panda ni mahali pa watu wasiojuana. Malori hulala hapo, mabasi hupita usiku na mchana, na mgeni aliyeshuka jioni anaweza kupanda gari la alfajiri asionekane tena. Lakini nyuma ya barabara, hatua chache tu, kuna kijiji ambacho kila mtu anajuana na kila mtu: mashamba ya mahindi na michungwa, nyumba za fito na udongo jirani na nyumba za matofali, Wazigua wenyeji pamoja na watu waliokuja zamani kufuata kazi za mkonge na wakabaki. Hapo ndipo penye kiini cha hadithi. Mwizi wa usiku ni mmoja wa watu wa aina mbili. Ama ametoka barabarani, na hakuna anayemjua. Ama ametoka nyumba ya tatu, na kila mtu amjua tangu akinyonya.

Tuchukue mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara umetoka juzi, na kijiji kizima kinajua kwamba umetoka. Usiku anaamshwa na kishindo. Mwandishi anayejua kazi yake hatatuambia tu kwamba "jambazi aliingia". Atatuambia kama ukuta ulitobolewa taratibu kwa mtaimbo na maji, kwa kuwa ni wa udongo. Au kama upembe mrefu ulipenyezwa dirishani kuvua suruali yenye fedha mfukoni. Au kama waliokuja ni kundi, wakaubamiza mlango kwa lile jiwe kubwa ambalo wananchi, kwa mzaha wa kutisha, wamelipa jina la Fatuma. Kila njia ina mwizi wake. Mwenye upembe anataka nguo na hataki kuonana na mtu. Mwenye Fatuma amekuja akijua kwamba ataonana na watu, na amekwisha kuamua atawafanya nini. Atatuambia pia habari za mwizi aliyejipaka mafuta mwili mzima ili asikamatike, na za mke anayesadiki kabisa kwamba nyumba ilitiwa dawa ya usingizi, maana vipi watoto wanne wasiamke? Hayo ndiyo mambo yasemwayo kesho yake kisimani. Mwandishi akiyaacha, ameacha nusu ya ukweli.

Sasa mwalimu ameshika panga. Mbele yake, gizani, yupo mtu. Mtu huyo anasema neno moja, na sauti ile mwalimu anaijua: aliwahi kuifundisha kusoma darasa la pili. Riwaya ya jasusi haiwezi kukupa dakika hiyo. Willy Gamba hajawahi kumfundisha adui yake kusoma.

Hapa sheria nayo inaingia, na watumishi wenzangu wengi hawaijui vizuri. Wako wanaosema, "Mwizi akiingia kwangu nina haki ya kumwua." Wako wengine wanaosema, "Ukimgusa tu, wewe ndiye utakayefungwa." Wote wawili wamekosea. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika vifungu vya 18A, 18B na 18C, inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwenziwe, na kuilinda mali iliyo mikononi mwake kwa halali. Lakini nguvu atakazotumia ziwe za kiasi, zile tu zilizo lazima kwa ulinzi huo. Zikizidi na mtu akafa, kosa ni la kuua bila kukusudia, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Kifungu cha 18C kinakwenda mbali zaidi: kinatambua kuwa zipo hali ambazo mlinzi aweza hata kusababisha kifo asiwe na hatia, mradi aliamini kwa dhati, na kwa sababu za maana, kwamba hakuwa na njia nyingine. Kwa hiyo swali ambalo hakimu ataliuliza baada ya miezi kadhaa, mchana kweupe, akiwa amekaa kitini, ni swali ambalo mwalimu alipaswa kulijibu gizani kwa pumzi moja. Sijui mwandishi anataka nini zaidi ya hapo.

Tena saa si moja. Mwizi anayevunja mlango ni hali moja. Mwizi aliyegeuka na kukimbia akiacha redio ni hali nyingine. Mwizi aliyekwisha kuanguka mtaroni, mguu umevunjika, anaomba maji, ni hali ya tatu, na hapo hakuna tena ulinzi wa mali unaozungumzwa, kwa maana mali imekwisha rudi ndani. Nchini Uingereza mwaka 1999 mkulima mmoja wa Norfolk, Tony Martin, aliwafyatulia bunduki vijana wawili walioingia nyumbani kwake usiku. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka 16, alikufa kwa jeraha la mgongoni. Mahakama ilimtia hatiani mwaka 2000 kwa kosa la kuua kwa kukusudia, na mwaka 2001 rufaa ikalipunguza kosa hilo kuwa la kuua bila kukusudia. Taifa zima liligawanyika, hawa wakimwita shujaa, hawa mwuaji. Huko alikuwa mtu mmoja na bunduki yake, shambani, mbali na majirani.

Kwetu majirani hawako mbali. Hilo ndilo linaloifanya hadithi yetu kuwa nzito kuliko ya Norfolk. Mwenye nyumba akipiga yowe la "Mwizi!", kijiji huamka. Wengi huja kwa nia njema, maana asiyeitikia yowe la mwenziwe hataitikiwa lake. Lakini tujue pia nini hufuata mara nyingi mno katika nchi hii: mawe, magongo, na mara nyingine tairi na mafuta ya taa. Aliyepiga yowe ndiye pekee aliyeibiwa, na baada ya dakika kumi ndiye pekee asiyeweza kulisimamisha jambo alilolianzisha. Wapo waliouawa hivyo ambao hawakuiba kitu; walikuwa wageni waliopita mahali pabaya kwa saa mbaya, na katika njia panda wageni hawakosekani. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 23, inasema kwamba watu waliokusudia pamoja jambo lisilo halali, na kosa likatokea kutokana na kusudio hilo, kila mmoja wao huhesabiwa kuwa amelitenda. Yule aliyerusha jiwe moja "kwa kuwa wenzake walikuwa wakirusha" hana pa kujificha. Lakini kesho yake hakuna aliyeona, hakuna aliyekuwepo. Polisi wakija wanakuta majivu.

Nitaambiwa kuwa wananchi wamechoka, polisi wako mbali, na mtuhumiwa huonekana mtaani siku ya pili. Malalamiko hayo nayafahamu. Ni uchovu wa namna hiyo ulioleta sungusungu huko Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipozidi, hata mwaka 1989 sheria ikawatambua. Mwandishi wa riwaya asiufiche uchovu huo. Aueleze kwa haki. Lakini aeleze pia sura ya mama wa kijana yule, ambaye nyumba yake ni ya tatu kutoka kwa mwalimu, na ambaye Jumatatu atakutana na mwalimu huyo dukani, kila mmoja na kibaba chake cha sukari.

Upande wa mwizi tumekwisha kuusikia, angalau kutoka kwa jirani. John Kiriamiti wa Kenya, aliyefungwa mwaka 1971 kwa ujambazi, aliandika akiwa gerezani, na kitabu chake "My Life in Crime" kilitoka mwaka 1984, mwaka alioachiwa. Kilisomwa sana, kwa haki kabisa, kwani alijua alilokuwa akilisema. Ila ukikisoma utaona kwamba walioibiwa ni kama vivuli. Wanapita wakiwa wameinua mikono. Hakuna anayelaumiwa kwa hilo, kila mtu huandika kutoka mahali aliposimama. Nasi tunaokaa ndani ya nyumba zinazovunjwa, wenye kalamu na karatasi na ujuzi wa lugha, tumeandika nini?

Walimu wengine wanashikilia kwamba vitabu vyenye damu na lugha ya vijiweni huwafundisha watoto uhalifu. Sikubaliani nao. Mtoto wa Segera au Korogwe haitaji kitabu kumweleza kwamba mwizi hupigwa. Pengine amekwisha kuona kwa macho yake, akiwa amesimama baina ya miguu ya watu wazima, na hakuna mtu aliyewahi kukaa naye kumwuliza aliona nini. Kama kuna vitabu vya kulaumiwa, mimi ningeanza na vile ambavyo jalada lake ni msichana nusu uchi na bastola, na ndani hamna msichana wala bastola wala hadithi.

Walimu wa Kiswahili wa Handeni na Korogwe wanaweza kuanza kazi hii bila kungoja mchapishaji. Kidato cha tatu wasomewe kifungu cha 18B kwa Kiswahili chepesi, kisha waandike kurasa mbili tu: mwizi yuko chini, amemjua mwenye nyumba na mwenye nyumba amemjua, panga liko mkononi, na kule njiani kurunzi za majirani zinakuja.