Siku Iliyowekwa Haingoji

Wanafunzi wengi hufurahi wakipewa kazi ya kutengeneza pamoja gazeti la picha la shule. Hushindania kamera, na kila mmoja hutaka kuwa mpiga picha. Walakini ukiwauliza, "Gazeti litabandikwa siku gani, na nani ataandika maneno ya chini ya picha?" hutazamana kimya. Mimi naona ya kuwa kazi ya namna hii mara nyingi haiharibiwi na picha mbaya, bali huharibiwa na siku zisizohesabiwa.

Wako wasemao, "Haraka haraka haina baraka, tuacheni tufanye polepole, kazi itoke nzuri." Methali hiyo ni ya kweli, lakini wao huitumia vibaya. Aliyelala mwanzo ndiye akimbiaye mwisho. Apangaye siku zake mapema hana haja ya kukimbia.

Tazameni mfano wa wataalamu wa nyota wa Uingereza. Walijua kwa hesabu ya kuwa tarehe 29 Mei 1919 jua litapatwa, na giza litadumu kama dakika 5 tu. Walitaka kupiga picha za nyota zilizo karibu na jua, wapate kujua kama mwanga wake hupindwa na jua, kama alivyosema Einstein. Jua halimngoji mtu. Kwa hiyo walianza kufikiri habari hiyo tangu mwaka 1917. Waligawanyika makundi mawili: moja lilikwenda kisiwa cha Príncipe, upande wa magharibi wa Afrika, na jingine lilikwenda Sobral, katika nchi ya Brazili.

Siku ilipofika, huko Príncipe mawingu yalitanda. Eddington na mwenzake walipiga picha 16, lakini zilizofaa zilikuwa 2 tu. Huko Sobral, picha za darubini kubwa zilitoka na ukungu. Walakini walikuwa wamechukua na darubini ndogo ya akiba, nayo ndiyo iliyowapa picha 7 safi. Basi tarehe 6 Novemba 1919 waliweza kutangaza matokeo mjini London. Kama wangalitegemea mahali pamoja na chombo kimoja, huenda wangalirudi mikono mitupu.

Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Tuseme mnataka kupiga picha za soko la kila Jumamosi, na gazeti litabandikwa Ijumaa baada ya wiki tatu. Hesabuni siku kwa kurudi nyuma. Alhamisi mwalimu asome. Jumatano maneno yawe yamekwisha andikwa, na majina ya watu yasiwe na makosa. Jumatatu picha ziwe zimechaguliwa na kuchapwa. Tena, kabla ya yote, sharti mtu aende kwa mzee wa soko na kwa wauzaji kuomba ruhusa. Kisha pigeni picha Jumamosi ya kwanza, wala msingoje ya mwisho. Ili mvua ikinyesha, mbaki na Jumamosi nyingine ya akiba. Andikeni kila kazi, na jina la mwenye kazi, na siku yake, mbandike karatasi hiyo mahali pa wote kuiona.

Kamera za siku hizi hutoa picha kwa kufumba na kufumbua, lakini haziandiki habari wala haziombi ruhusa. Mpiga picha akichelewa siku 2, hazipotezi siku zake. Humnyang'anya mwandishi siku 2 zake. Huo si uvivu tu, ni kumdhulumu mwenzako.

Kwa hiyo nasema neno ambalo wengine watalinung'unikia: picha iliyochelewa iachwe, hata ikiwa nzuri kupita zote. Picha ya habari ni kama samaki, hufaa akiwa mbichi. Tena si haki walioshika siku yao waaibike kwa ajili ya mmoja asiyeishika. Lakini asiadhibiwe aliyeugua au aliyeshindwa, ikiwa aliwaambia wenzake mapema. Maana kazi yake yaweza kushikwa na mwingine. Anayestahili lawama ni yule asemaye, "Bado kidogo," hali hajaanza.

Katika Injili ya Luka twasoma habari za mtu atakaye kujenga mnara, ya kuwa yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Siku nazo ni gharama, tena zikitumika hazirudi. Basi, kabla hamjashika kamera, ketini pamoja mhesabu siku zenu. Kundi likifanya hivyo, hata mtoto aliyepewa kazi ndogo ya kukata karatasi atajua ya kuwa wenzake wanamtegemea, naye atajitahidi.