Chachu Ndani ya Kichupa: Nani Atatusomea Lebo?

Ni jambo lisilopingika kwamba vipodozi vimekuwa sehemu ya maisha ya kila siku humu nchini. Siku hizi madukani mna vichupa vya kupaka usoni vinavyojinadi kuwa vimetengenezwa kwa chachu au kwa mimea iliyochachushwa: mchele, soya, chai, hata figili. Mnunuzi hukigeuza kichupa asome orodha ya viambato, akakuta Kiingereza na Kilatini vitupu. Basi hununua kwa imani. Makala hii inashikilia kwamba hiyo ni dosari ya lugha, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kuikabili.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka wa 1780, mwanakemia Carl Wilhelm Scheele aliitenga asidi ya laktiki kutoka kwa maziwa yaliyochacha. Mwaka wa 1857, Louis Pasteur akaeleza kwamba uchachu huo ni kazi ya viumbe hai. Wapishi wetu hawakumngoja Pasteur. Wakalenjin wana mursik, na Waswahili hutia hamira katika mkate wa kumimina. Kiwandani mambo ni yayo hayo: vijiumbe hula sukari ya mmea, huvunja molekuli kubwa ziwe ndogo, na kuacha asidi na virutubishi vingine. Asidi ya laktiki hulegeza seli zilizokufa juu ya ngozi na kuisaidia kushika unyevu; hilo linajulikana vyema. Madai makubwa zaidi, kama vile kurejesha ujana, aghalabu hutegemea majaribio ya maabara au uchunguzi wa watu wachache. Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa tuitazame lugha. Lebo hizi hutaja vitu vitatu vilivyo tofauti: zao zima la uchachushaji, mchujo, yaani kioevu kinachosalia baada ya vijiumbe kuondolewa, na seli za chachu zilizopasuliwa. Pitera ya SK-II kutoka Japani, kwa mfano, ni mchujo wa chachu aina ya galaktomisi. Matangazo huvikumba vyote kwa neno moja, "asilia", lisilomfunza mnunuzi lolote. Hali Kiswahili kina uwezo wa kutenganisha mambo. Chakula kilichochacha hutupwa, unga ulioumuka husifiwa, na kilichovunda hakitajwi mezani. Kauli ya kutendeshwa katika "iliyochachushwa" inaonyesha kwamba pana mtu aliyeisimamia kazi hiyo kwa makusudi. Anayeielewa tofauti hii hatajipaka usoni uji uliovunda jikoni akidhani ni dawa.

Wapo watakaosema kwamba majina ya viambato ni ya kimataifa, kwa hivyo yasiguswe. Naafiki kwamba yasifutwe. Hata hivyo, jina la kimataifa linaweza kubaki mahali pake na maelezo ya Kiswahili yakaandikwa kando yake. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inaitambua lugha hii kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi katika Kifungu cha 7. Kifungu cha 46 nacho kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa anayoinunua. Habari isiyoeleweka ni habari gani?

Suala hili halihusu urembo pekee. Aliyezoea kununua bila kuelewa lebo ya chachu atanunua vivyo hivyo krimu ya kujichubua iliyoandikwa "calomel", asijue kwamba hiyo ni zebaki, sumu inayodhuru figo na ambayo Mkataba wa Minamata wa mwaka wa 2013 unapinga matumizi yake katika vipodozi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Napendekeza basi chama chetu kishirikiane na wanafunzi wa kemia na famasia kuandaa faharasa ya istilahi za lebo za vipodozi. Wahadhiri wetu nao waikubali kazi hiyo kuwa mada halali ya utafiti wa isimu. Tumezichambua tungo za kale kwa bidii, na ni vyema. Lakini lugha isiyoweza kumweleza mama sokoni anachojipaka usoni itakuwa imemwacha pale anapoihitaji zaidi.