Tusipuuze Uvimbe wa Tezi Miongoni mwa Watoto Wetu

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, uvimbe wa taya au shingo aghalabu hupewa tafsiri mbili. Huyu husema ni jino, yule husema ni kifua kikuu. Hakuna aliye mjinga kati yao. Meno huoza, na kifua kikuu, ambacho hushambulia tezi wala si mapafu pekee, hustawi penye msongamano wa watu. Hata hivyo, ipo tafsiri ya tatu, nayo ni limfoma, yaani saratani ya tezi. Nionavyo mimi, kuichelewa tafsiri hiyo ni kuupa ugonjwa fursa ya kuenea.

Limfoma huzuka katika chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti, ambazo ni askari wa mwili. Kwa maumbile yao, askari hao ni wasafiri. Hushikamana na ukuta wa mshipa wa damu, hupenya baina ya seli zinazoutandika kwa ndani, huingia katika tezi, kisha hurejea kwenye mzunguko. Askari wa namna hiyo akiasi, huasi akiwa bado anazijua njia zote. Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Mnamo 1971 daktari mpasuaji wa Marekani, Judah Folkman, alitoa hoja kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua sana pasipo kuivuta mishipa mipya ya damu iulishe. Kwa miaka mingi mishipa hiyo ilitazamwa kama mifereji ya chakula tu. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2014 na wanasayansi wa Weill Cornell, New York, ulionyesha zaidi ya hayo. Seli za limfoma hutoa protini iitwayo FGF4, inayoziamsha seli za mshipa. Seli za mshipa nazo huongeza protini nyingine, Jagged1, ambayo hugusa kipokezi kiitwacho Notch2 juu ya seli za limfoma. Hapo limfoma huwa kali zaidi, huenea, na huzistahimili dawa. Watafiti walipoiondoa Jagged1 katika mishipa ya panya, ukali huo ulipungua na panya wakaishi muda mrefu zaidi.

Matokeo ya panya si tiba ya binadamu. Lakini mwalimu wa bayolojia apate hapa funzo la kuwapa wanafunzi wake: saratani haikai peke yake ikingoja kugunduliwa, bali huwashawishi majirani zake.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kuiita limfoma ugonjwa wa kigeni. Ni katika Hospitali ya Mulago, Kampala, ambako Denis Burkitt aliwaona watoto waliovimba taya, akaandika habari zao mwaka 1958. Mnamo 1961 alisafiri kwa gari zaidi ya kilomita 15,000 akiuliza hospitali baada ya hospitali. Aligundua kuwa ugonjwa hufuata maeneo yenye joto na mvua, na huadimika nyanda za juu. Leo tunajua kuwa malaria na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa aina hiyo hiyo, vinahusika.

Nairobi iko juu, takriban mita 1,700. Mtu asidhani kwamba mwinuko huo ni ngao. Eastlands ni makazi ya jamaa waliotoka kando ya Ziwa Viktoria na Pwani. Isitoshe, zipo limfoma nyingine zisizohitaji malaria, na maambukizi ya Ukimwi huongeza hatari yake.

Limfoma ya Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, ilhali dawa za kifua kikuu humezwa kwa miezi sita. Mtoto akianzishiwa dawa hizo kwa kukisia, nusu mwaka waweza kupotea. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa vizuri mno zikiwahiwa.

Watajibu wengine kuwa kukata kinyama na kukipima ni gharama, na kwamba wataalamu ni haba. Ni kweli. Lakini kumtibu mtoto ambaye saratani yake imekwisha enea ni ghali zaidi, na pengine ni bure. Kenya ilitunga sheria ya saratani mwaka 2012. Sheria hiyo ipimwe kwa muda ambao sampuli ya mtoto wa Dandora huchukua kupata majibu.

Nanyi walimu, mnawaona watoto hawa kila siku. Uvimbe unaokua haraka, jino linalolegea bila sababu, au tezi isiyonywea baada ya matibabu, usiishie kwenye dawa ya maumivu. Mwiteni mzazi, mwambieni aombe kipimo.