Majani Mapya ya Uwanjani Wakati wa Kiangazi

Mwalimu mmoja wa upande wa Muleba ametuletea swali, nami nadhani si lake peke yake. Mwishoni mwa masika yeye na wanafunzi wake walikata mapande ya ukoka bondeni, wakayatandika mbele ya shule, penye mteremko ambapo mvua ilikuwa imekwisha kuuchukua udongo hata msingi wa ukuta ukaonekana. Kwa majuma matatu uwanja ulipendeza macho. Sasa Juni imeingia, majani yanageuka manjano, na watu wameanza kusema kwamba kazi ile ilikuwa bure. Auliza afanyeje.

Kwanza, ndugu mwalimu, yafaa ujue kwamba rangi ile ya kijani haikuwa dalili ya mizizi. Pande la majani likikatwa huchukua akiba ndogo ya udongo na unyevu, nalo huishi kwa akiba hiyo kama mgeni alaye chakula alichokuja nacho. Shika pembe ya pande moja, uivute polepole. Pande likiinuka kama mkeka, bado halijashika. Likikataa, mizizi imeingia. Mfano wa mpanzi mnaujua nyote, sina haja ya kuurudia.

Huko Uingereza wako watu watunzao viwanja vya mchezo wa kuviringisha matufe, ambavyo majani yake hukatwa mafupi mno na kusawazishwa kama meza. Wao hutandika mapande mapya katika Oktoba au Novemba, kabla baridi haijakaza. Majani hulala, mizizi hushuka polepole katika udongo wenye unyevu, wala hapana achezaye juu yake mpaka baridi ipite. Kwetu usingizi wa majani ni kiangazi, tangu Juni hata Agosti, nao ni usingizi wa kiu. Hata hivyo Oktoba ni mwezi mwema kwetu pia, ila kwa sababu nyingine: atandikaye mvua za vuli zinapoanza hupata vuli, kisha ukame mfupi wa Januari na Februari, kisha masika yote. Atandikaye Mei hupata majuma machache tu. Udongo laini wa Mei umewadanganya wengi.

Lakini yaliyokwisha kutandikwa na tuyasaidie. Hesabu ya maji ndiyo iwashindayo watu. Ili maji yapenye mpaka chini ya pande, kila mita moja ya mraba yataka kama lita 10, yaani debe moja la lita 20 kwa mita mbili. Ukanda wa mteremko wenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 2 wataka madebe 20. Uwanja mzima wa mpira, wa mita 100 kwa 60, ungetaka madebe 3,000 kwa mara moja! Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba ulitandikwa nyasi bandia, nao hauoni kiu. Sisi wengine yatupasa kuchagua. Mwagilieni mteremko tu, alfajiri, mpaka udongo wa chini ulowe. Mapande yakiisha kushika, mara mbili kwa juma yatosha. Kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni huifundisha mizizi kukaa juu. Penye tambarare, ukoka ulioshika waweza kuachwa ukauke: majani hufa, lakini vitawi vyake vilivyo ndani ya udongo huishi, na mvua huviamsha. Kando ya Ziwa manyunyu hayakosi kabisa hata Julai. Nyuma ya vilima, upande wa magharibi, jua ni kali zaidi, na huko mchague sehemu ndogo zaidi.

Wala sikubali kwamba mtoto aliyekwisha kuchota maji ya nyumbani kabla ya jua kuchomoza atwikwe debe la pili kwa ajili ya majani, hasa wasichana, ambao ndio waitwao kwanza. Maji ya kunawia mikono yatumike. Shule ikifungwa, wazee wa mtaa wagawe zamu kwa nyumba za jirani.

Akina mama wenye vibanja watasema: tandazeni nyasi kavu juu, kama chini ya migomba. Shauri hilo ni jema nusu. Kibanjani twatandaza nyingi ili kuyasonga magugu. Mkifanya vivyo hivyo hapa, mtayasonga majani mnayoyataka. Ziwe chache, hata kijani kionekane katikati yake. Tena msizitoe katika fungu la migomba, maana nyasi za rweya zimekuwa haba, na mgomba hulisha watu.

Adui mkubwa kuliko jua ni mkeka wa kahawa. Majira haya ya kuchuma kila mahali palipo sawa hutafutwa, na mkeka ukikaa juma moja juu ya majani machanga, huyaua. Mwenye kahawa apewe mahali pengine kwa upole, kwa kuwa madaftari na viatu vya watoto hutoka humo. Mbuzi wafungwe. Mpira uchezwe upande wa pili mpaka Oktoba. Mfyekaji asishuke chini ya upana wa vidole vinne, na samadi mbichi isiletwe kabisa.

Sehemu zitakazokufa zikwanguliwe Septemba, zitiwe samadi iliyooza, zipandwe mvua ikishika. Msikate tena mapande ukingoni mwa kijito, maana pale napo mvua itachimba. Vitawi vya ukoka vyenye mizizi, vikipandwa kwa nafasi ya shubiri moja, vyatosha kuziba pengo.