Picha za Maiti: Waingereza wa Zamani na Simu za Leo

Siku hizi picha za maiti zimezagaa katika simu za watu: mara ajali ya barabarani, mara mgonjwa aliyekata roho wodini, hata mayiti aliyekwisha kukafiniwa. Anayekemea huambiwa kwamba Wazungu walianza zamani, na kwamba Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria (1837-1901) waliwapiga picha wafu wao. Ni kweli walifanya hivyo. Lakini walifanyaje, na kwa nini?

Ufundi wa Mfaransa Louis Daguerre ulitangazwa Paris mwaka 1839. Picha hizo za bamba la shaba lililopakwa fedha zilikuwa ghali, na watu wengi walipigwa mara moja tu maishani, au hawakupigwa kabisa. Nao watoto walikuwa wakifa kwa wingi: katika kila 1,000 waliozaliwa Uingereza, kama 150 hivi hawakutimiza mwaka. Mama aliyefiwa na mwanawe mchanga hakuwa na sura yake popote. Basi mpiga picha aliitwa, mtoto akalazwa kitandani au akapakatwa na mamake kama aliyesinzia. Picha ikatiwa katika kijaluba, ikafungwa. Victoria mwenyewe, alipofiwa na mumewe Albert mwezi Desemba 1861, aliweka picha ya maiti yake kitandani, upande aliokuwa akilala marehemu.

Uongo nao haukukosekana. Husemwa kwamba maiti walisimamishwa kwa vyuma. Vyuma vilikuwapo, ila vilishikilia vichwa vya walio hai wasitikisike, maana picha ilichukua sekunde nyingi. Kubeba maiti havingeweza. Nyingi ya picha zinazouzwa leo kuwa ni za wafu, wenyewe walikuwa hai wakivuta pumzi.

Sisi Waislamu tuna yetu: kuharakisha maziko, na kumsitiri mayiti hata mbele ya wanaomwosha. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya picha yenyewe. Juu ya sitara hawakuhitilafiana. Na ukipima sawasawa, hata yule Mwingereza yu karibu nasi zaidi kuliko kijana anayeinua simu penye ajali ya matatu. Mwingereza aliitwa na wafiwa, akalipwa, na picha ikabaki kwao. Huyu wa leo hakuitwa na mtu, na mara nyingine picha yake humfikia mama wa marehemu kabla ya mjumbe wa msiba kubisha hodi.