Ahadi za mafuta zilipowageuka wenye hisa

DESEMBA 9, 2019, wenye hisa wa Tullow Oil walipata pigo. Kampuni hiyo ilikiri kwamba mwaka uliofuata ingezalisha mapipa 70,000 hadi 80,000 pekee kwa siku, hasa kwa kuwa visima vyake vya Ghana vilikuwa vimelegea. Mkurugenzi mkuu alijiuzulu, nayo hisa ikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 70 jijini London.

Kampuni kubwa hufidia kisima kibovu kwa vingine vingi. Ndogo hukopa kwa nguvu ya makadirio yake, basi nani atakayeharakisha kuyapunguza?

Wakazi wa Turkana hawakuhitaji hisa kuonja uchungu huo. Mafuta yaligunduliwa Ngamia 1 mwaka wa 2012; mwaka wa 2025 Tullow ilikubali kuiuzia Gulf Energy miradi yake nchini, uzalishaji kamili ukiwa haujaanza.